Kupiga picha theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa nyeusi na nyeupe

Kamera ikiona theluji inadhani mwanga umezidi, inapunguza yenyewe, matokeo yake theluji inatoka kijivu kama majivu, sasa we ongeza ekspoja, yaani mwanga unaoingia kwenye kamera, stopu moja hadi mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) afu cheki histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, isijae upande wa kulia, ndo upande wa weupe. Piga asubuhi jua likiwa chini, mwanga wa ubavuni ndo unatoa ile mistari ya upepo, saa sita kila kitu flati. Filta nyekundu inatia anga giza, ila mi naona inazidisha, bora ya chungwa. Betri weka mfuko wa ndani, baridi inaimaliza. Na miamba iingie kwenye fremu, manake barafu ya Kilimanjaro ilipungua kama 85% kati ya 1912 na 2011, atakayekuja kupiga palepale baadae anahitaji alama, so andika tarehe na uliposimama.