Leni ya basi Korea si ya kujaribu bahati
Msee wa Kisumu ukienda Korea Kusini upewe van uendeshe hiyo barabara kuu ya Gyeongbu ya Seoul, skiza. Huko gari hukaa kulia, so leni ya basi ni ile ya kushoto kabisa, imechorwa laini ya bluu. Saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku usiiguse, ata kama iko wazi na jam imekunyonga kuliko Kondele jioni. Van ya viti 9 hadi 12 inaruhusiwa lakini hesabu vichwa kwanza, lazima mfike 6, dereva akiwemo. Mkiwa 5 na mizigo mpaka kwa dirisha, toka, mizigo si abiria. Gari ndogo ya saloon sahau, na kamera huwezi ibembeleza.