SOMO: Kompyuta umeiunga mwenyewe na haiwaki? Anzia ukutani kabla ya kurudi dukani

Wakuu, salaam.

Mtu anamaliza kuunga kompyuta yake ya kwanza, anabonyeza swichi, kimya. Kinachofuata ni simu kwa muuzaji: "Umeniuzia mazabodi mbovu!" Mazabodi (ubao mkuu unaobeba vifaa vingine) iliyokufa ikiwa bado kwenye boksi ipo, sikatai. Ila waya ambao haujaingia mpaka mwisho ni tatizo la kawaida zaidi. Kabla hujafungasha vifaa kuvirudisha Kariakoo au Luthuli, pitia hatua hizi kwa mpangilio na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana ikiwaka hutajua kilichoiponya.

Angalia kwanza dalili yako ni ipi. Kuna kompyuta iliyo kimya kabisa, kuna inayoshtuka sekunde moja na kuzima, na kuna ambayo feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi. Somo hili ni la hizo mbili za mwanzo. Ya tatu ina mambo yake, nimeigusa kwenye maswali huko chini.

Hatua ya 1: Ukutani

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Ekstensheni iweke pembeni, chomeka moja kwa moja ukutani. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na ikiungua huioni kwa macho. Monita nyingi hutumia kebo ya umeme sawa na ya pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), kwa hiyo azima ya monita ujaribu.

Nyuma ya pawasaplai kuna swichi: upande wa I ni kuwasha, O ni kuzima. Usicheke, hii imewapeleka watu kwa fundi. Baadhi ya pawasaplai za bei nafuu au za zamani zina kaswichi kekundu kalikoandikwa 115 na 230. Huku kwetu kakae 230. Kama ndugu amekuletea pawasaplai kutoka Marekani, kaangalie KABLA ya kuchomeka, kwa sababu ikiwa kwenye 115 ukaipa umeme wetu, utasikia mlio na harufu, na hapo hakuna somo litakalokusaidia.

Hatua ya 2: Waya mbili za mazabodi

Mazabodi inataka waya mkubwa wa pini 24 na mwingine, mara nyingi wa pini 8, unaoingia juu karibu na prosesa (ubongo wa kompyuta). Huu wa pili ndio unaosahaulika. Umeandikwa CPU na kwa kawaida unagawanyika nne kwa nne. Ule ulioandikwa PCIe, unaogawanyika sita na mbili, ni wa kadi ya grafiki (inayotoa picha kwenye kioo). Ukiona unagoma kuingia karibu na prosesa, usiulazimishe.

Ule wa pini 24 ni mgumu. Shika mazabodi kwa mkono mmoja, sukuma mpaka kilimi kishike. Na kama pawasaplai yako ni ya waya za kuchomoa, tumia waya zilizokuja nayo tu. Za pawasaplai nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa, lakini mpangilio wa umeme ndani yake ni tofauti, zinaunguza.

Hatua ya 3: Swichi ya keisi

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu. Kutoka mbele ya keisi kunakuja viwaya vyembamba vilivyoandikwa POWER SW, RESET SW, HDD LED na POWER LED. Vinaingia kwenye kundi la pini ndogo pembeni mwa mazabodi, na maandishi yake ni madogo kiasi kwamba utahitaji tochi ya simu. Fungua kitabu cha mazabodi yako, siyo video ya mazabodi nyingine, kwa sababu mpangilio hutofautiana. POWER SW haina chanya wala hasi, ukiigeuza inafanya kazi vilevile. Taa za LED ndizo zinazojali upande, lakini ukizikosea kompyuta bado itawaka.

Sasa jaribio lenyewe. Chomoa POWER SW. Chukua bisibisi bapa, gusisha kwa pamoja zile pini mbili zake, nusu sekunde tu, halafu achia. Kompyuta ikiwaka, mazabodi na pawasaplai ni wazima, ugonjwa uko kwenye swichi ya keisi. Dawa ya bure: chukua kiwaya cha RESET SW kichomeke kwenye pini za POWER SW. Sasa kitufe cha kurisiti ndicho cha kuwashia, na maisha yanaendelea.

Hatua ya 4: Pawasaplai peke yake

Zima swichi ya nyuma, chomoa waya zote kutoka kwenye mazabodi na kadi. Kwenye plagi ya pini 24 tafuta waya wa kijani (pini ya 16, PS_ON) na mweusi wowote ulio jirani yake. Waya zako zikiwa nyeusi zote, fuata namba kwenye mchoro wa kitabu, usikisie. Ziunganishe kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa, unga feni moja ya keisi kwenye waya wa pawasaplai hiyo, ndipo uwashe swichi ya nyuma bila kuigusa klipu. Feni ya keisi ni muhimu, kwani baadhi ya pawasaplai za kisasa haziizungushi feni yao wenyewe zikiwa hazina mzigo. Feni ikigoma, irudishe pawasaplai. Ikizunguka, ujue ina uhai, lakini hilo halithibitishi kwamba inabeba mzigo wote.

Usiifungue pawasaplai. Kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Hatua ya 5: Itoe yote nje

Weka mazabodi juu ya boksi lake la kadibodi. Siyo juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa, upande wake wa nje unaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa na feni yake, RAM (kumbukumbu) moja kwenye tundu linalopendekezwa na kitabu, na pawasaplai. Washa kwa bisibisi.

Ikiwaka nje na ndani ya keisi ikashtuka na kuzima, angalia vile vinguzo vya shaba vinavyopokea skrubu za mazabodi. Keisi nyingi huja zikiwa zimefungwa vinguzo vya mazabodi za ukubwa wa ATX. Ukiweka mazabodi ndogo ya micro-ATX, kinguzo kimoja kinaweza kubaki chini bila tundu juu yake, kikagusa mgongo wa mazabodi, na pawasaplai ikajizima kujilinda. Kila kinguzo kiwe chini ya tundu, kilichozidi kitolewe.

Isipowaka hata nje, nyanyua prosesa ukague pini kwa tochi. Hapo tena muuzaji ana haki ya kupigiwa simu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu feni zote zinazunguka ila kioo cheusi. Ni Ryzen 5 5600, HDMI nimechomeka kwenye mazabodi.

Jibu: Prosesa hiyo haina grafiki ndani. Hamishia HDMI kwenye kadi ya grafiki. Za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, nazo ni hivyohivyo.

Swali: Kaka, nina mazabodi ya AM5 (ya prosesa za AMD) na RAM ya DDR5. Inawaka, kioo hakionyeshi kitu dakika nzima, nazima, narudia. Yaani nimechoka.

Jibu: Acha kuzima, kaka. Mara ya kwanza inaipima RAM na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Iache robo saa. Ikiendelea kugoma, tazama vitaa vidogo vya CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia) kama unavyo. Kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha pa kuanzia.

Swali: Naomba msaada fundi. Nina Dell OptiPlex 7020 ya mtumba, nimenunua pawasaplai ya kawaida niweke kadi ya grafiki, plagi ya 24 haiingii popote.

Jibu: Haitaingia. Hiyo Dell inatumia plagi yake ya pini 8 badala ya 24. Tafuta adapta ya 24 kwenda 8 ya modeli hiyo, na upime kwanza kama pawasaplai yenyewe inaenea ndani ya keisi. Usikate waya.

Swali: Ilikuwa inawaka vizuri. Umeme ukakatika, uliporudi ikawa kimya.

Jibu: Chomoa ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, subiri kidogo, rudisha. Mara nyingine pawasaplai inakuwa imejifunga kujilinda. Isipoamka, nenda hatua ya 4. Na ikishawaka, tafuta UPS (kifaa chenye betri cha kushika umeme ukikatika).

Swali: Mazabodi ya B450 ya dukani na Ryzen 5 5600 mpya, nje ya keisi feni inazunguka, picha hakuna, na kadi ya grafiki ipo.

Jibu: Huenda BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha) ni ya zamani kuliko prosesa. Kama mazabodi ina kitufe cha BIOS Flashback, unasasisha kwa flashi bila hata kuwa na prosesa inayokubalika. Kama haina, mwombe muuzaji akuwekee prosesa ya zamani asasishe, na uangalie toleo linalotakiwa kwenye ukurasa wa mazabodi hiyo hiyo, siyo dada yake wa jina linalofanana.