Namna ya kukokotoa athari za dikoherensi katika mpito wa hali wa kikwantamu

Mwanafunzi wa fizikia aliyeko Tanga, mwenye kompyuta mpakato na programu ya Python, anaweza kuchunguza mwenyewe jinsi dikoherensi, yaani kupotea kwa mshikamano wa mawimbi ya kikwantamu kutokana na kelele za mazingira, inavyoathiri mfumo unaovushwa kutoka hali moja hadi nyingine.

Anza na mnyororo wa Ising, yaani safu ya spini (sumaku ndogo sana za kikwantamu) ambamo kila moja huungana na jirani zake, wenye spini 1000, uliofungwa kama duara, ukiwa ndani ya uga sumaku wa kukingama wenye nguvu g. Chukua J, nguvu inayounganisha spini jirani, kuwa 1, kisha punguza g kwa mwendo sawa kutoka 5 hadi 0. Mpito hutokea g inapofika 1. Herufi τ iwe muda ambao g hupungua kwa 1.

Usijaribu kuhifadhi hali zote za mnyororo, kwani idadi yake ni 2 kwa kipeo cha 1000. Ugawe katika modi 500 zinazojitegemea, yaani mitikisiko ya mnyororo mzima, kila moja ikiwa na namba yake ya wimbi k: k = π/1000, 3π/1000 na kuendelea hadi 999π/1000. Kila modi ni vekta ya vipengele vitatu inayozunguka uga wenye kipengele cha z 4(g − cos k) na cha x 4 sin k. Mwanzoni ilaze vekta katika hali ya nishati ya chini. Mwishoni tafuta uwezekano wa kuikuta katika hali ya juu. Wastani wa uwezekano huo kwa modi zote ndio msongamano wa kasoro, yaani sehemu ya jozi za spini jirani ambazo hazikulingana.

Kabla ya kuongeza kelele, hakiki programu yako. Kwa τ = 100 jibu liwe karibu 0.011, na τ ikiongezwa mara 4 kasoro zipungue kwa nusu, kama inavyotabiri nadharia ya Kibble na Zurek, inayoeleza jinsi kasi ya kuvuka mpito inavyoamua wingi wa kasoro. Wavunaji wa chumvi wa pwani yetu wanalielewa jambo hili: maji yakikauka polepole, punje huwa kubwa, na mipaka kati yake, iliyo kama kasoro, huwa michache. Asiyepata matokeo haya asiendelee, kwa maana kosa lililofichika hapa litaonekana baadaye kama athari ya kelele.

Sasa chukulia kwamba uga g unatikisika kidogo, kwa namna moja katika mnyororo mzima. Katika kila modi, vipengele vya x na y vya vekta vipunguzwe kwa kasi inayolingana na γ, yaani nguvu ya kelele, huku cha z kikiachwa. Kelele ikiwa hafifu, kasoro hufuata aτ^(−1/2) + bγτ, ambapo a na b ni namba zisizobadilika, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lote: kwenda polepole hupunguza kasoro za mpito wenyewe, lakini huipa kelele muda mrefu zaidi wa kuchochea modi. Kwa hiyo upo muda bora, unaobadilika kama γ^(−2/3). Kelele ikizidi mara 8, muda huo hushuka hadi robo. Ukiendelea kurefusha τ kupita kiasi, fomula hiyo huacha kufaa, vekta zote husinyaa hadi sifuri na msongamano wa kasoro hukaribia 0.5.