Imeji ya Docker Ikigoma Kujengeka: Anzia Hapa

Docker hujenga imeji, yaani kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji, hatua kwa hatua. Ikigoma, usianze na mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa. `failed to solve` hukuonyesha hatua iliyoanguka tu; chanzo kiko juu yake, na BuildKit, ambayo ndiyo mjenzi wa kawaida tangu Docker 23.0, hukuachia mistari michache tu ya hatua hiyo. Yatoe maandishi yote:

`docker build --progress=plain --no-cache . 2>&1 | tee jenga.log`

Kisha tazama namba ya kutokea (exit code), ambayo amri huiacha inapoisha. 127: amri haikupatikana. 126: faili lipo, ila halina ruhusa ya kuendeshwa, weka `chmod +x`. 137: mchakato umeuawa (128 + 9), mara nyingi kwa uhaba wa RAM. Iongezee Docker Desktop kumbukumbu, au punguza kazi za sambamba, mfano `make -j2`.

127 ndiyo inayosumbua zaidi, maana faili unaliona kwa macho na bado unaambiwa `not found`. Kinachokosekana ni programu iliyotajwa kwenye mstari wake wa kwanza. Alpine, Linux ndogo inayotumika kama msingi wa imeji, huja na `sh` bila `bash`, basi skripti ya `#!/bin/bash` hufa hapo mpaka uweke `apk add --no-cache bash`. Skripti iliyoandikwa Windows nayo mara nyingi hubeba herufi ya CR (alama ya mwisho wa mstari) isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na jina la programu husomeka vibaya. Isafishe: `sed -i 's/\r$//' anza.sh`.

`COPY`, amri ya kunakili faili kwenye imeji, ikilalamika kuwa faili halipo, kumbuka njia huhesabiwa kutoka folda uliyoitaja mwishoni mwa amri (ile nukta), si mahali ilipo Dockerfile (faili la maelekezo ya ujenzi), na `../` haitoki nje ya folda hiyo. Kagua pia `.dockerignore`, orodha ya faili ambazo Docker huziacha nje.

Bado hujaelewa? Ingia ndani. Kwenye Dockerfile, weka `#` mwanzoni mwa mistari ya hatua iliyoanguka na zote zinazofuata ili zirukwe, kisha:

`docker build -t jaribio .`
`docker run --rm -it --entrypoint sh jaribio`

Humo andika amri za hatua ile moja moja. Ile mbovu itajitaja yenyewe. Njia hii inashinda kubahatisha kwa kujenga upya kila mara.

`apt-get` (kisakinishi cha Debian na Ubuntu) ikirudisha 404, yaani haikupatikana, mara nyingi orodha ya vifurushi imezeeka kwenye kache. Unganisha `apt-get update && apt-get install -y` ndani ya `RUN` moja.