SOMO: Kurekodi mhadhara usiomaliza bando la mwanafunzi

Wakuu, salaam. Mimi ndiye yule "jamaa wa kompyuta" wa chuo kimoja hapa Tabora ambaye muhula ukianza tu simu yake haipumui. Swali ni lile lile: "Nimerekodi somo, faili lina GB 2, wanafunzi wanasema halifunguki, nifanyeje?" Naliandika mara moja hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia andiko hili, asione nimemdharau.

Kwanza tuelewane unamrekodia nani. Aliyekaa mbele ya projekta ameshakusikia. Humrekodii huyo. Unamrekodia aliyerudi kwao Kaliua au Sikonge, simu kioo kimepasuka, bando ni la siku, na mtandao anaupata akisogea karibu na barabara. Kila hatua hapa chini nimeipima kwa mtu huyo. Kama wanafunzi wako wote wana kompyuta na intaneti ya nyaya, hongera, haya hayakuhusu.

Hatua ya 1: Kata mhadhara vipande. Saa mbili za darasani usizirekodi saa mbili. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, wakakuta muda wa kati ambao mtu anatazama hauvuki dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Sisi tunapanga dakika 6 hadi 10, kila kipande hoja moja. Faida nyingine ni ya bando: upakuaji ukikatika, kilichopotea ni kipande kimoja.

Hatua ya 2: Slaidi. Herufi zisipungue ukubwa wa 28, maneno machache, mandhari nyeupe tupu. Usizisome neno kwa neno. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio kwa miaka mingi kuhusu jambo hili: mtu akiona picha huku akisikia maelezo anaelewa vizuri kuliko akipewa picha, maelezo, na maandishi yale yale ya maelezo vyote kwa mpigo.

Hatua ya 3: Sauti. Mwanafunzi atavumilia picha yenye ukungu. Sauti mbovu hatavumilia, atazima. Maiki ya bei ndogo ya kubana kwenye kola inashinda maiki ya kompyuta mpakato iliyo mezani. Iweke shubiri moja kutoka mdomoni, isiguse nguo. Zima feni. Anza kwa kukaa kimya sekunde 5, ili baadaye kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, uionyeshe mvumo wa chumba ulivyo, iupunguze. Mvua juu ya bati haipungui kwa ujanja wowote, na kwetu hapa mvua ni Novemba hadi Aprili. Subiri ikatike. Ofisi za karibu na stesheni, nanyi mnajua honi ya treni haina adabu.

Hatua ya 4: Kurekodi. Hapa someni polepole.

Programu ni OBS Studio. Ni ya bure, huria, inakubali Windows, Mac na Linux. Ukishaifungua, kabla ya kurekodi chochote, ingia Settings, kisha Output, utafute Recording Format. Weka MKV. Usiweke MP4.

Sababu ni umeme. Faili la kawaida la MP4 lina faharasa inayoiambia simu kipande gani cha picha kiko wapi, na faharasa hiyo huandikwa mwishoni, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika dakika ya 38, picha na sauti zako zote zimo ndani ya diski, ila faharasa haipo, na hakuna kicheza video kitakachokubali kulifungua. Utaona faili lina MB mia kadhaa, utadhani liko salama. Kumbe ni mzigo tu. MKV inajiandika hatua kwa hatua, hivyo umeme ukikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. Ukimaliza, nenda menyu ya File, chagua Remux Recordings, faili linageuka MP4 kwa muda mfupi bila kupoteza ubora wowote, kwa sababu halibanwi upya, linahamishiwa tu chombo kingine.

Jambo hili limetugharimu mihadhara mizima hapa chuoni, mingine ya wageni ambao hawarudi. Kwa hiyo tahadhari:

Usiniambie "mimi nina betri". Betri ya kompyuta ya miaka mitano haimalizi kipindi, nayo ikizima ghafla madhara ni yale yale.

Usilifute faili la MKV kabla hujaifungua MP4 na kuitazama mwanzo, katikati na mwisho.

Usiwalipe wale wa mitandaoni wanaodai watafufua faili lako kwa dola. Wengine wanakuonyesha sekunde 30 za video yako, ukishalipa ndiyo basi.

Matoleo mapya ya OBS, kuanzia 30.2, yana MP4 mseto (Hybrid MP4) inayostahimili kukatika. Inafanya kazi. Mimi bado nafundisha MKV kwa sababu kompyuta nyingi za ofisini nazikuta na toleo la zamani.

Palepale kwenye Settings, upande wa Video, shusha kasi ya fremu, yaani picha kwa sekunde, hadi 10. Slaidi haikimbii mahali.

Hatua ya 5: Kubana. Fungua video kwenye HandBrake, programu ya kubana video. Upana 854 kwa kimo 480, kodeki (njia ya kubana picha) H.264, ubora RF 28, fremu 10 kwa sekunde, sauti mono ya kilobiti 48. H.265 inabana zaidi lakini simu za zamani zinakwama nayo, iache. Hesabu yenyewe ni hii: video ya simu inayorekodi kwa megabiti 10 kwa sekunde, dakika 10 ni MB 750. Slaidi zilizobanwa zikaja kwenye kilobiti 150 kwa sekunde, dakika 10 hizo hizo ni MB 11 na ushei.

Hatua ya 6: Toa na sauti peke yake. MP3, mono, kilobiti 32. Saa nzima inakuwa MB 14.4. Hii inasikika hata kwenye kitochi chenye memori kadi, na wapo wanaosoma hivyo.

Hatua ya 7: Kusambaza. Kwenye WhatsApp itume kama hati, si kama video. Ukiituma kama video WhatsApp inaibana upya na maandishi yako yanakuwa uji. Kwenye Moodle, ile tovuti ya masomo ya chuo, pandisha kila kipande na jina linaloeleweka: namba ya wiki, mada, dakika. Sura na sauti za wanafunzi usizisambaze bila ridhaa yao. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, ni ustaarabu.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

MASWALI

Kipanya_Isevya: Mkuu asante kwa somo. Sasa mimi video yangu ina GB 3, naituma vipi?

Mtoa somo: Hatua ya 5.

Kipanya_Isevya: Nimeona ndefu, ungenipa kwa kifupi tu.

Mtoa somo: Hatua ya 5 ndiyo kifupi.

DktNzega: Mi natumia PowerPoint, narekodi sauti humo humo kwenye slaidi. Kila nikihamia slaidi inayofuata neno la kwanza linakatika. Nimebadilisha maiki, wapi. OBS ni lazima?

Mtoa somo: Si lazima, Dokta, na maiki haina kosa. PowerPoint hairekodi sauti wakati slaidi moja inapoipisha nyingine. Maliza sentensi, nyamaza, bonyeza, slaidi ikishatulia ndipo uendelee. Mbwembwe zote za slaidi kuruka na kuzunguka ziondoe, zinaurefusha huo muda wa bubu. Uzuri wa njia yako ni kwamba ukikosea slaidi ya 9 unairudia hiyo peke yake. Ukimaliza, toa video kwa kiwango cha 480p, kisha hatua ya 5.

Mzee_wa_Zoom: Haya mambo ya kizamani. Dunia ya leo watu wanafundisha mubashara, mwanafunzi anauliza papo kwa papo. Nyie mnarekodi kaseti.

Mtoa somo: Mubashara kwa kilobiti 600 kwa sekunde, saa moja ni MB 270. Mkutano wa saa mbili, mara masomo matano kwa wiki. Mnunulie bando hilo mwanafunzi mmoja tu wa Kaliua kwa mwezi halafu turudi kwenye ukaseti. Maswali ya papo kwa papo tunayafanya darasani, tukiwa tumekaa chumba kimoja, bure.

Mzee_wa_Zoom: Basi usichukie mkuu.

Mtoa somo: Sijachukia, nimepiga hesabu.

Mama_Kemia_KGM: Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Niko Kigoma, nafundisha kemia. Slaidi hazinifai sana, kwa sababu mwanafunzi anatakiwa kuona mkono wangu ukichora muundo, mshale wa elektroni unatoka wapi unaenda wapi. Nikimwonyesha mchoro uliokamilika anaukariri. Nifanyeje na sina ubao wa kielektroniki?

Mtoa somo: Marahaba dada, swali zuri kuliko yote hapa. Tumia karatasi na simu. Weka vitabu pande mbili za meza, laza rula ngumu juu yake, simu iweke juu ya rula kamera ikitazama chini. Karatasi nyeupe isiyo na mistari, kalamu ya wino mzito, si ile ya kawaida. Dirisha liwe upande wa kushoto kama unaandikia kulia, vinginevyo kivuli cha mkono kitafunika unachochora. Kwenye kamera, bonyeza juu ya karatasi na ushikilie ili mwanga na fokasi vifungike, la sivyo kila mkono ukipita picha inaingia giza na kurudi. Chora mpaka wa eneo kwa penseli mapema ili usitoke nje ya picha. Na hapa tu nakuruhusu fremu 15, maana mkono unatembea. Sauti rekodi kwa maiki ya kola iliyochomekwa kwenye simu hiyo hiyo, hutahangaika kuzioanisha.

Na hilo ulilosema la kukariri mchoro uliokamilika, naomba walimu wa takwimu na uchumi mlisome mara mbili.

Mama_Kemia_KGM: Wabeja sana, nimejifunza hilo neno kwenu. Na je, nikirekodi kwa simu, ile hatari ya MP4 ipo?

Mtoa somo: Ipo. Kamera nyingi za simu zinarekodi MP4, kwa hiyo chaji isiwe chini ya nusu na rekodi vipande vifupi. Likikukuta, ipo programu huria inaitwa untrunc. Inahitaji faili lingine zima lililorekodiwa na simu ile ile kwa mipangilio ile ile, inalitumia kama kielelezo cha kuijenga upya faharasa. Si mara zote inafaulu, lakini ni bure.

Kanyenye_1: OBS inaonyesha kioo cheusi. Haifanyi kazi kwenye PC yangu.

Mtoa somo: Windows ipi? Kompyuta ina kadi ngapi za picha? Umeongeza chanzo gani?

Kanyenye_1: Nyeusi tu.

Mtoa somo: Bila kujibu nilichouliza siwezi kukusaidia.

Fundi_Gongoni: @Kanyenye_1 kama ni kompyuta mpakato yenye kadi mbili za picha, ingia mipangilio ya picha ya Windows, iweke OBS itumie ile ya kuokoa umeme. Pia hakikisha umeongeza chanzo cha Display Capture, OBS ikifunguliwa mara ya kwanza huwa tupu.

Kanyenye_1: Imekubali!! Sikuwa nimeongeza chanzo.

Mhadhiri_Mpya: Moodle ya chuo chetu inakataa faili lolote linalozidi MB 2. Nimebana hadi basi.

Mtoa somo: Usiendelee kubana. MB 2 ni kikomo cha kawaida cha PHP, lugha inayoiendesha Moodle, kwenye seva mpya ambayo hakuna aliyeigusa. Mwambie msimamizi apandishe upload_max_filesize na post_max_size, hiyo ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza, aanzishe upya seva. Kazi ya dakika chache. Akikuambia haiwezekani, mwombe akuonyeshe.

Mwaka_wa_pili: Naomba niseme kama mwanafunzi. Darasani kwetu yupo mwenzetu asiyeona vizuri. Walimu wanaposema "kama mnavyoona hapa" yeye anapotea, na PDF wanazotupa ni picha za kitabu, simu yake haizisomi kwa sauti.

Mtoa somo: Asante kwa kulileta, lilipaswa kuwa kwenye hatua ya 2. Walimu: msiseme "hapa", semeni "mstari unaopanda kutoka kushoto". Hiyo inamsaidia pia anayesikiliza MP3 kwenye kitochi. PDF itolewe kutoka kwenye faili la Word lenyewe, si kupigwa picha, ili programu za kusoma kioo kwa sauti, TalkBack ya simu au NVDA ya kompyuta, ziweze kuisoma. NVDA ni ya bure. Na kupiga picha kitabu kizima na kukigawa, hilo Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalo, sitaki kesi humu.

Fundi_Gongoni: Niongezee kitu nje ya mada. Kwa mnaogawa masomo kwa flashi, weka na Kiwix humo. Inafungua Wikipedia bila intaneti, na ya Kiswahili ipo. Chagua faili lisilo na picha, linakuwa dogo sana.

Mwaka_wa_pili: Flashi za steshenari zinarudi na virusi lakini. Mafoda yote yanageuka shotikati.

Fundi_Gongoni: Mafaili huwa hayajapotea, yamefichwa tu. Usibonyeze hizo shotikati. Washa onyesho la mafaili yaliyofichwa, nakili yako, kisha fomati flashi.

Kipanya_Isevya: Mkuu nimefanya hatua ya 5, GB 3 imekuwa MB 41! Ila nimeiweka kwenye memori kadi mpya ya GB 128, niliyoipata elfu nane, na video za mwanzo zimeanza kugoma kufunguka.

Mtoa somo: Hongera kwa hatua ya 5. Hiyo kadi kwa bei hiyo ni ya kughushi: inajitangaza GB 128, ndani pengine ina 8, ukijaza inaandika juu ya vya mwanzo. Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, zinaijaza yote kisha zinasoma kama kilichoandikwa kipo. Hamisha video zako leo, kabla hujapima.