Pepa ikiisha linganisheni mada, sio majibu

Nyie mnaopiga mtihani wa form six, hasa sisi wa Tabora ambao pepa ikiisha tu tunajazana chini ya mwembe kila mtu "namba nne umepata ngapi", jaribuni hii nimeiona kwa mdogo wangu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu): ukitoka usimsikilize mtu kwanza, chukua kikaratasi andika mada zilizotoka na ulikwama wapi, basi, jibu la mwisho usiandike wala usiulize. Kwa nini inasaidia, Fizikia ina pepa tatu, ile ya tatu ndo praktiko, hesabu za advansi zina mbili, kwa hiyo kilichokukwamisha leo, hasa kikiwa kitu cha msingi, huenda ukakihitaji tena kwenye inayofuata na hapo usiku una kitu cha kushika, ila kujua fulani kapata 12.5 wewe 9 haikupi kitu maana pepa ishakusanywa, na mara nyingi mwenye sauti kubwa pale mwembeni ndo kakosea (mimi nilishawahi kukosa usingizi kwa jibu la jamaa ambalo hata sahihi halikuwa). Inagoma kwa GS (General Studies), ile ni pepa moja ukitoka imeisha, na pepa ya mwisho ya somo lolote vilevile, hapo bishaneni mpaka mchoke. Halafu hicho kikaratasi kiache bwenini jamani, usije ukajisahau ukaingia nacho chumba cha mtihani pepa inayofuata, hiyo ni kesi nyingine kabisa.