Vile mtaunda igizo la muziki na kikundi chenu

Kama mna kikundi hapo Kisumu ama Kakamega na mnataka kufanya igizo la muziki, tafadhali msianze na nyimbo. Anzeni na hadithi, muiandike yote ya kuongea tu, halafu mtafute pale mhusika maneno yamemuishia, hapo ndio wimbo unaingia. Wimbo ukiutoa na hadithi isipungukiwe na kitu, utoeni hata kama ni mtamu aje. Oklahoma!, igizo la muziki la Marekani, ilianza New York 1943 na mpaka leo inatajwa juu nyimbo na densi zilibeba hadithi, hazikuisimamisha.

Chukua mama anauza omena, jioni anahesabu pesa, kesho mtoto anatakiwa shule na karo. Anadondosha sarafu kwa gorogoro, ishirini, arobaini, sitini, ile sauti ikishika mwendo ngoma ndogo inaingia chini yake polepole, anafika mia tatu na arobaini, mkono unarudi kwa leso unatoka mtupu. Sarafu zimeisha lakini ngoma bado inaenda. Hapo ndio anaanza kuimba, na hakuna mtu atauliza mbona anaimba.

Kwa vyombo, tumieni vya kwetu. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na zikipigwa zote mtu akiimba peke yake hamtasikia neno, kwa hivyo mwachieni ndogo, kubwa ingojee kikundi kizima kiitikie. Nyatiti na nyuzi zake nane inafaa sana mtu akiwa peke yake usiku, lakini tafuteni mpigaji anayeijua kabisa, msiiweke ya urembo.

Mazoezi: semeni maneno ya wimbo bila tuni kama watu wanaongea, kisha muimbe mkiwa mmekaa, densi ifundishwe kando, mwisho ndio mnaunganisha. Wengi wanaishiwa na pumzi hapo, so waimbe wakitembea haraka kuzunguka ukumbi kila siku. Na fanyeni asubuhi, juu mvua ya alasiri ikipiga mabati mtapiga kelele tu na kuharibu sauti.

Wekeni mtu mmoja kiti cha nyuma kabisa, asiwe amesoma skripti. Neno likimpotea anainua mkono, mnasimama hapo hapo, mnarudia huo mstari mpaka ashushe mkono.